Matembezi ya Siku za Mvua kwa Mtoto Aliyevunjika Mguu

Mvua zetu za Kigoma huanza mwishoni mwa Oktoba, na mara nyingi hazituagi mpaka Aprili imekwisha. Na katika miezi hiyo hiyo maembe nayo huiva. Mwembe uliolowa huteleza kama sabuni, na mtoto aliyekwisha kuliona embe la manjano juu ya kitawi haoni tena utelezi. Basi hapa Kagunga, na katika vijiji vingine vya ukingo huu wa Ziwa Tanganyika, si jambo geni kumwona mzazi akimpakia mtoto katika boti alfajiri, mkono au mguu wake umefungwa kwa kanga na vijiti, safari ya mjini.

Msimu uliopita zamu hiyo ilifika nyumbani kwetu.

Twaishi na wajukuu watatu: binti wa miaka 10, mvulana wa miaka 7, na kitinda mimba wa miaka 4. Yule wa kati alianguka kutoka mwembe ulio nyuma ya madrasa, muda mfupi baada ya kutoka darasani, akavunjika mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto. Tulimfunga gango la vipande viwili vya mbao, tukamchukua kwa boti mpaka Kibirizi, na kutoka huko mpaka hospitali mjini Kigoma. Huko alipigwa picha, mguu ukavutwa ukanyoka, akafungwa plasta ngumu kutoka pajani mpaka karibu na vidole. Vijana huiita hogo. Tukaambiwa wiki 6, pengine 8, na kwamba asiukanyagie mguu ule mpaka aruhusiwe.

Tukarudi nyumbani tukishukuru. Walakini lilikuwapo jambo moja ambalo sisi hatukufikiri kuliuliza, nalo ni hili: katika wiki hizo zote za mvua, nyumba yenye watoto watatu itaendeshwaje? Mmoja hawezi kutoka, na wawili hawawezi kukaa ndani. Kila aliyekaa na watoto wadogo chini ya bati, mvua ikinyesha tangu Alfajiri hata Adhuhuri, anajua tunasema nini.

Shauri letu la kwanza lilikuwa baya, ingawa tulilidhani kuwa ni uadilifu. Tulitoa amri kwamba hapana mtoto atakayetoka kutembea mpaka ndugu yao apone. Wote wakae, wote wavumilie. Siku ya nne tukamsikia yule mdogo akimwambia kaka yake kwa sauti ya chini, “Tumefungwa kwa sababu yako wewe.” Kaka mtu hakujibu. Akageuza uso ukutani. Na dada yao, ambaye siku zote ndiye mwenye kuamua ugomvi wa wenziwe, siku ile naye alinyamaza. Hatukujua sababu ya kunyamaza kwake mpaka baadaye.

Shauri la pili lilikuwa baya zaidi. Wiki iliyofuata, mvua ilipopumua kidogo, tuliwachukua wale wawili kwenda ufukweni kutazama boti zikiingia, na yule mgonjwa tukamwacha amelala, bibi yao akiwa jikoni. Tulisema moyoni kuwa hatajua. Aliamka, akaita, hakuna aliyemjibu kwa kelele za mvua iliyoanza tena juu ya bati. Akajiburura kwa makalio mpaka barazani ili atuone tulikokwenda, akakaa pale na mguu wake umenyoshwa chini ya mchirizi wa bati. Tuliporudi tulimkuta ametota, na kisigino cha plasta kimelainika kama uji. Ikawa safari nyingine ya Kibirizi, nauli nyingine, siku mbili nyingine, na plasta mpya.

Bibi yao hakusema neno mpaka usiku ule tuliporejea. Kisha akasema, “Mwalimu, wewe wawasomesha watoto wa watu mwaka wa thelathini sasa, na huyu wako umeshindwa kumsoma.”

Tulikaa na neno hilo. Katika Sura ya Nuur, aya ya 61, wametajwa kipofu, kiwete na mgonjwa pamoja na habari ya watu kula majumbani. Na baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa walikuwapo watu walioona uzito kukaa na walemavu na wagonjwa katika sahani moja, ndipo uzito huo ukaondolewa. Aya hiyo tumeisomesha mara nyingi. Hatukuwahi kuiona imekaa barazani kwetu imetota mvua.

Basi tukageuza mambo. Tangu siku ile matembezi ya watoto wote watatu yalipimwa kwa mguu wa yule aliyevunjika. Mahali ambapo yeye hafiki, hapana mtu atakayekwenda. Lakini mahali ambapo yeye anafika, lazima twende, mvua isiwe udhuru. Na ajabu ni kwamba mahali hapo pakawa pengi kuliko tulivyodhani.

La kwanza ni namna ya kumchukua. Alikuwa na magongo mawili, lakini magongo ni ya sakafuni. Katika udongo wetu uliolowa, mtoto wa miaka 7 mwenye magongo ni mtoto wa kuanguka mara ya pili. Kumbeba mgongoni kwa mbeleko tulijaribu, ila plasta ni nzito, na mguu ukining’inia chini kwa muda vidole huvimba. Mwisho tuliazima toroli kwa vijana wanaochukua magunia ya dagaa. Tulitandika gunia lililojazwa majani makavu, tukaweka mto chini ya mguu ili uwe juu kuliko kifua chake alivyokuwa amejilaza, na mwavuli akaushika mwenyewe. Njia ya toroli pia huchaguliwa, maana kati ya mwaka 2020 na 2024 maji ya ziwa yalipanda yakala sehemu nyingi za fukwe za Tanganyika, na ukingo wetu huu, ulio mwembamba kati ya mlima na maji, haukuwa na nafasi ya kupoteza.

Kisha kuna kuifunika plasta. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwetu tangu tarehe 1 Juni 2019, basi tulitumia kipande cha nailoni nene kama ile ya kufunikia dagaa. Tulikifunga juu kwa ukanda mpana wa nguo. Mpira wa baiskeli hatukuutaka, kwa kuwa huvuta na kuzuia damu. Na mara tu tulipofika chini ya paa tuliifungua nailoni, kwani jasho nalo ni maji, na plasta huharibika kwa maji ya ndani kama inavyoharibika kwa maji ya nje. Plasta hii hutengenezwa kwa jasi. Huwa ngumu kwa dakika chache, lakini haikauki barabara mpaka siku 2, wakati mwingine 3. Katika siku hizo za mwanzo hapana matembezi yoyote, hata ya toroli.

Vidole vya mguu ndivyo vilivyokuwa saa yetu. Kabla ya kutoka, tukifika, na tukirudi, tulivitazama: vina joto? anaweza kuvichezesha? ukibonyeza ukucha ukawa mweupe, wekundu hurudi mara moja? Katika ngozi zetu nyeusi ukucha husema kweli mapema kuliko ngozi. Ikiwa vidole vimekuwa baridi, au vimekufa ganzi, au vimegeuka rangi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, jambo hilo halingoji mvua ikatike. Mtoto apelekwe kwa tabibu saa ile ile. Na mwasho wa ndani ya plasta, ambao humtesa mtoto kuliko maumivu yenyewe, usitulizwe kwa kijiti wala kwa kalamu. Mkwaruzo mdogo ndani ya giza lile huwa kidonda kisichoonekana.

Alikuwapo jirani mmoja, mtu mwema, aliyetushauri tuivunje plasta ile tumpeleke mtoto kwa mzee anayeunga mifupa kwa fito na dawa za majani. Hatuwadharau wazee hao. Wengine wana mikono mizuri. Lakini kamba ikikazwa mno juu ya mguu unaovimba, damu hukatika, na mguu huweza kufa. Tulimshukuru jirani, tukaiacha plasta mahali pake.

Matembezi ya kwanza yalikuwa mafupi mno, wala hayakuhitaji hata nusu saa ya njia. Tulikwenda kwenye banda la mafundi wa boti. Ni paa tu na nguzo, lakini chini yake pakavu, na kazi haikomi kwa mvua. Watoto walikaa kutwa. Mafundi walikuwa wakiuganga ubavu wa boti ya mizigo iliyogonga mwamba, na fundi mkubwa akawaonyesha taruma lililopasuka, jinsi linavyowekewa kipande cha mbao kando yake na kukazwa kwa misumari, lisitikisike mpaka limeshikana. Akakiita kipande hicho gango. Mjukuu wetu akautazama mguu wake, akatazama boti, akauliza kama boti nayo itakaa wiki 8. Mafundi walicheka sana. Nasi tulifurahi, maana lugha yetu imeyaweka pamoja mambo haya tangu zamani: anayeganga chombo na anayeganga mtu, neno ni moja.

Lililotufunza zaidi siku ile ni kazi. Fundi alimpa yule mgonjwa pamba ya kalafati aisokote kuwa nyuzi ndefu za kuziba nyufa, kazi ya kukaa kitako. Dada yake akapewa kuzipeleka, na mdogo akawa anaokota maranda. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, yeye alikuwa wa kungojwa kwa ajili ya ustadi. Mguu ukasahauliwa. Mwenye kukaa ndiye aliyetoa, na wenye miguu ndio waliotumwa. Tukaona kuwa siri haikuwa mahali pa kwenda, bali ni kumtafutia mtoto aliyeumia kazi ambayo kukaa kwake ni sehemu yake.

Kwa hiyo matembezi ya pili tuliyapanga kwa namna hiyo. Karibu na ufuko iko baraza ya jamaa yetu inayotazama ziwa lote. Mbele yake akina mama huanika dagaa, wengine juu ya chanja, wengine mchangani, na adui yao katika miezi hii ni mvua. Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka huharibika, na jasho la usiku mzima la wavuvi hupotea. Tukamweka mtoto barazani juu ya kiti cha kamba, mguu juu ya kigoda chenye mto, tukamfanya mlinzi wa mvua.

Msomaji asiyeijua Tanganyika asidhani kuwa kazi hii ni ya mchezo. Katika Agosti, kwa vumbi na moshi wa kiangazi, mara nyingi hatuioni kabisa milima ya Congo iliyo ng’ambo. Lakini katika masika, hewa ikioshwa, milima hiyo husimama mbele yako hata waweza kuhesabu mikunjo yake. Basi mvua ikianza kuvuka maji, milima hupotea mmoja mmoja nyuma ya pazia jeupe. Mlinzi huyo alijifunza kulitazama pazia. Likishaumeza mlima wa pili aliita, na akina mama wakakimbia na maturubai yao. Mara mbili alikosea, wakaja mbio jua likiwaka, na hawakumlaumu. Mara ya tatu alisema kweli, na jioni ile alirudi nyumbani na bakuli la dagaa, ujira wake. Alimpa bibi yake kwa mikono miwili kama mtu mzima aliyetoka kazini.

Radi nazo tulizifanya somo. Milima ya mashariki ya Congo ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani, nasi tu majirani zake. Sauti huchukua kadiri ya sekunde 3 kusafiri kilomita 1. Basi umeme ukimulika, dada mtu alianza kuhesabu polepole, wahid, ithnaan, thalaatha, kama walivyojifunza madrasani, mpaka ngurumo ifike. Kisha wakagawanya kwa 3. Hesabu isipofika 30, wote waliingia ndani ya nyumba wakafunga mlango, wala hapana aliyeruhusiwa kutoka mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Kusimama chini ya mwembe wakati wa radi, au kubaki ndani ya mtumbwi, ni kujitafutia hatari, na twaona watu wazima wakifanya hivyo kila mwaka.

Yule mdogo, tukisema kweli, sasa akaanza wivu. Asubuhi moja tulimkuta amejifunga mguu kwa kilemba chetu kuanzia gotini, naye anataka toroli.

Hapa tuseme neno moja juu ya maji, kwani ukingo huu unalo somo lake. Katika Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walikusanyika Kagunga, wakingoja meli ya Liemba iwachukue mpaka Kigoma. Kipindupindu kikaingia kati yao, na wengi wakaugua, na wako waliokufa. Walikuwamo watoto wa umri wa wajukuu wetu, kwenye ufuko huu huu. Tangu hapo hatuwezi kuyatazama maji ya mvua kwa macho ya zamani. Mvua kubwa ikinyesha, vijito vya mlimani huteremsha kila uchafu mpaka ziwani. Mtoto katika matembezi asinywe maji ya ziwa, wala asicheze katika mifereji. Achukue chupa yake ya maji yaliyochemshwa, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, naye mwenye plasta vile vile, kwani mikono yake ndiyo inayogusa kila kitu anapojiburura.

Mvua yenyewe haikuwa adui, hilo tulitaka walijue. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwa Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alifunua sehemu ya nguo yake mvua ikampata mwilini. Basi pale barazani, radi zikiwa mbali, kila mtoto alinyosha mkono nje ya paa akaikinga mvua kiganjani. Yule wa plasta aliuliza kama mguu wake nao utapata zamu. Tukamwambia ungoje.

Matembezi ya tatu yalikuwa makubwa, nayo yalitokana na wajibu: tarehe ya kukaguliwa mguu ilifika, tukaamua kuwachukua wote watatu. Tuliondoka mapema, kabla ya mawingu ya mchana kukusanyika. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, la pili duniani baada ya Baikal, na mtoto mwenye plasta akianguka majini hawezi kuupiga mguu ule. Kwa hiyo alivaa jaketi la kuokolea maisha tangu ufukweni, akakaa katikati ya boti na si ukingoni, turubai juu yetu. Yafaa mzazi aulize jaketi kabla hajauliza nauli.

Njiani hupitwa Gombe. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na nyani walikuwa wakizunguka mchangani. Tukawahadithia watoto habari za Jane Goodall, aliyefika pale Julai 1960 kuwachunguza sokwe, aliyefariki Oktoba 2025. Aliona sokwe dume, mvua kubwa ikianza, wakishuka mlimani kwa kishindo, wakivunja matawi na kuyavuta, kana kwamba wanaijibu mvua. Watoto walipenda sana habari hiyo. Kisha binti akauliza, “Na sokwe akivunjika mguu, babu?”

Swali hilo lina jibu, na jibu lake linauma. Katika mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwapata sokwe wa Gombe. Watafiti waliwapa wengine chanjo ndani ya ndizi, lakini kwa baadhi yao ilikuwa imechelewa. Dume mmoja mzee, aliyepewa jina la McGregor, alipooza miguu yote miwili, akawa anajiburura kwa mikono. Siku moja aliwaona wenzake wamekaa mtini wakichambuana manyoya, akajikokota mwendo mrefu mpaka kwao, akawanyoshea mkono. Wakaondoka. Mmoja tu, dume aliyeitwa Humphrey, ndiye aliyekaa karibu naye siku zile. Mwisho wa McGregor hatukuwaeleza watoto.

Hatukuisimulia habari hii ili kuwafananisha watu na wanyama. Kila kiumbe na umbile lake. Lakini tulipofika pale anapojikokota, tulisikia sauti yetu ikipungua, kwa sababu tuliiona baraza na mchirizi wa bati. Yule binti akaanza kulia. Tulipomuuliza alisema kwa shida kwamba embe lile aliliona yeye, na yeye ndiye aliyemwambia mdogo wake apande, kwa kuwa yeye alivaa baibui na hakutaka kuichafua. Wiki zote hizo alilibeba jambo hilo peke yake, na sisi tulikuwa tukimwona ananyamaza tukadhani ni adabu.

Mdogo wake alimtazama muda. Akasema, “Lakini lilikuwa limeiva kweli.” Wakagawana mkate.

Hospitalini tuliambiwa mfupa unaunga vizuri. Mchana mvua ikashuka, nasi tukapanda bajaji mpaka Ujiji, kwenye Makumbusho ya Livingstone, mahali penye paa na pa kukaa. Mle zimo sanamu za Livingstone na Stanley wakiamkiana, kama walivyokutana mjini humo mwaka 1871. Watoto walizizunguka mara nyingi. Nje iko miembe, inayosemwa kuwa ni vizazi vya ule waliokutania chini yake, na mjukuu wetu alipoambiwa hivyo alisema, “Miembe tena!”

Humo tuliwapa habari iliyomfaa kuliko sanamu. Livingstone alikuwa mtu wa mwendo, lakini katika mwaka 1870, huko Bambarre katika nchi ya Manyema, vidonda vya miguu vilimweka ndani ya kibanda siku 80. Na kabla ya hapo, mwaka 1844, kusini mwa Afrika, simba alimshika akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto juu ya kiwiko, nao haukuunga vizuri. Alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, watumishi wake, Susi na Chuma miongoni mwao, waliuchukua mwili mpaka pwani. Ulipofika London mwaka 1874, madaktari waliutambua kuwa ni wake kwa mfupa ule uliounga vibaya miaka 30 nyuma. Mtoto alisikiliza kinywa wazi. Alikuwa amekwisha kutuomba mara nyingi tumpunguzie plasta yake kwa kisu kidogo, kwa ajili ya mwasho. Hakuomba tena.

Plasta iliondolewa mwishoni mwa wiki ya 8. Mguu ulitoka mwembamba, wenye magamba, na yeye aliuogopa kama si wake. Tukaambiwa ni kawaida, nyama zitarudi kwa kutembea. Aanze na magongo, asiruke wala asikimbie mpaka aambiwe. Yule mdogo aliliomba ganda la plasta achezee, hospitali ikakataa, akanuna mpaka Kibirizi.

Jioni ya siku ile ilinyesha mvua ya kawaida, bila radi. Mjukuu wetu aliketi barazani, akapandisha suruali, akautoa mguu ule nje ya paa taratibu mpaka mchirizi wa bati ukaupata. Dada yake alikuwa amemshika kiwiko. Na nyuma ya madrasa sasa pana kingoe kirefu kimeegemezwa ukutani, kazi ya fundi yule wa boti, cha kuangulia maembe mtu akiwa amesimama chini.